Somo: Namna ya kufuatilia historia ya wadi ya udiwani, Malindi na Lamu

Assalaam aleikum jamaa. Mwezi huu nimeulizwa swali moja na watu sita tofauti: "Maalim, historia ya wadi yetu ya zamani naipata wapi?" Naandika mara moja hapa. Atakayeuliza tena nitamwelekeza huku nami nirudi kwenye kahawa yangu.

Nasemea wadi za madiwani, za enzi ya kanjo na kaunti kaunsil. Mabaraza hayo yalifikia mwisho na uchaguzi wa tarehe 4 Machi 2013. Za wawakilishi wadi wa leo ni habari nyingine, ingawa majina wamerithi.

Hatua ya 1. Jua unachotafuta. Wadi ilikuwa ya diwani. Kata ni ya chifu, kata ndogo ni ya naibu wake. Jina laweza kuwa moja na mipaka ikawa mbalimbali. Sensa za 1969, 1979, 1989 na 1999 ziliwapanga watu kwa kata na kata ndogo, kwa hivyo usichukue idadi ya kata ukaiandika kuwa ya wadi.

Hatua ya 2. Panga miaka ya uchaguzi. 1963, 1968, 1974, 1979, 1983, 1988, 1992, 1997, 2002, 2007. Acha nafasi katikati kwa chaguzi ndogo, maana madiwani nao walikufa na kufungwa kama watu wengine. Mwaka 1968 karatasi za wagombea wa KPU, chama cha upinzani, zilikataliwa karibu nchi nzima. Ukisoma kwamba fulani alipita bila kupingwa mwaka huo, usikimbilie kuandika kwamba alipendwa na wote.

Hatua ya 3. Anzia mwisho, urudi nyuma. Shika Tangazo la Kisheria nambari 14 la 2012, lililogawa nchi maeneo bunge 290 na wadi 1,450. Kilifi ilipata 35, Lamu 10. Uzuri wake ni kwamba kila wadi imeelezwa kwa kata ndogo zake, basi unaona ni kipande gani kilitoka wapi. Eneo bunge la Malindi lilibaki na Jilore, Kakuyuni, Ganda, Malindi Town na Shella. Watamu haimo: mpaka 2007 ilipiga kura na Malindi, kisha ikahamishiwa Kilifi Kaskazini. Mtu wa Watamu akitafuta madiwani wake wa zamani ndani ya makaratasi ya Kilifi Kaskazini atakesha.

Hatua ya 4. Gazeti rasmi la serikali. Hapa ndipo nilipoanguka mimi, basi kaa tukae.

Majina ya madiwani waliochaguliwa, na wale wa kuteuliwa, yalikuwa yakichapishwa katika gazeti rasmi. Matoleo mengi ya zamani sasa yako kwenye intaneti na unaweza kutafuta kwa neno. Mimi niliandika "Shella", nikapata mstari wenye jina la wadi na jina la mtu, nikafurahi kama niliyeokota lulu. Nikaunakili. Nikaujengea kurasa tatu nzima kuhusu diwani huyo na mtaa wetu wa Shella hapa Malindi, ule wa pwani karibu na msikiti wa Juma na makaburi ya nguzo. Nikaenda kuusoma mbele ya wazee barazani. Mzee mmoja alinisikiliza mpaka mwisho, akaweka kikombe chini, akasema: "Mwanangu, bwana huyu namjua. Ni mtu wa Lamu. Huku alikuja harusini."

Nilikuwa nimechukua Shella ya Lamu.

Sababu ni hii. Orodha zile zimepangwa kwa mabaraza, na jina la baraza limeandikwa mara moja tu, juu. Orodha ikiwa ndefu inavuka ukurasa na kichwa kinabaki nyuma. Kompyuta inakuonyesha mstari, haikuonyeshi kichwa. Kwa hivyo:

Usinakili jina kabla ya kupanda juu mpaka ulione jina la baraza kwa macho yako. Ikibidi kurudi kurasa mbili, rudi.

Jihadhari na majina pacha. Shella iko Malindi na iko Lamu. Mkomani iko Lamu na iko Mombasa, upande wa Nyali. Bahari ni wadi ya Lamu Magharibi, lakini Bahari lilikuwa pia eneo bunge huku Kilifi kabla halijagawanywa Kaskazini na Kusini. Ukitafuta Bahari ya Lamu utafurika matokeo ya wabunge wa Kilifi.

Tafuta na tahajia zote: Shela, Shella. Gedi, Gede. Makarani wa Nairobi walisikia walivyosikia.

Na jambo la mwisho: "Kaunti ya Lamu" katika karatasi ya 1985 ni baraza la madiwani. Katika karatasi ya 2015 ni serikali yenye gavana. Tazama mwaka kwanza.

Hatua ya 5. Nyaraka za Taifa. Moi Avenue, Nairobi. Mombasa nako kuna tawi. Beba penseli. Malindi ilikuwa chini ya wilaya ya Kilifi mpaka miaka ya 1990, kwa hivyo kabla ya hapo ulizia majalada ya Kilifi. Kumbukumbu za vikao vya mabaraza yaliyovunjwa zilirithiwa na kaunti. Nenda ana kwa ana, na usiende Ijumaa mchana.

Hatua ya 6. Wazee. Usimuulize mzee "mwaka gani?" Muulize "kabla ya mlolongo au baada?" Kila mtu anakumbuka 1988, watu walivyopangwa nyuma ya wagombea mchana kweupe. Uchaguzi wa 1997 uliza mvua za El Niño. Wa 1992, uliza vyama vingi viliporudi. Ukishapata hivyo vigingi vitatu, mengine yanajifunga yenyewe.

Hatua ya 7. Andika jina kama lilivyo kwenye karatasi, na ulipolitoa.

---

MAULIZO

Kijana_Barani: Maalim niwekee PDF ya historia ya wadi yetu, nina kazi ya chuo Jumatatu.

Mwandishi: Hakuna. Hatua ya 1 mpaka ya 7.

Kijana_Barani: Kwani wewe si unayo? Hata muhtasari tu.

Mwandishi: Ninayo ya Shella, iliyonichukua miaka miwili na aibu moja. Ya kwenu hukuniambia hata jina lake.

MamaWatoto254: Diwani wa kwanza wa Watamu alikuwa nani?

Mwandishi: Soma hatua ya 3 kisha ya 4. Nikikutajia jina hapa, kesho litakuwa limenakiliwa mahali kumi bila mtu kulihakikisha, na likiwa si lenyewe nitaulizwa mimi.

Nahodha_Mstaafu: Sikubaliani nawe kuhusu sensa. Kata na wadi kwetu Lamu zilikuwa kitu kimoja.

Mwandishi: Kwingine zililingana, sikatai. Nimesema usichukulie hivyo kabla hujapima. Ukiwa na maelezo ya mipaka ya miaka hiyo na yakalingana, andika kwa moyo mkunjufu.

BintiMkunumbi: Shikamoo maalim. Nasoma kumbukumbu za baraza la Lamu na kuna kitu kinanitatiza. Za miaka ya 60 zimejaa mambo ya shule, walimu na zahanati. Ghafla baada ya hapo ni soko, viwanja na ushuru tu. Madiwani waliacha kujali shule?

Mwandishi: Marahaba mwanangu. Hili ndilo swali. Hawakuacha, walinyang'anywa. Ilipitishwa sheria mwaka 1969, na kuanzia 1970 serikali kuu ikachukua kutoka kwa kaunti kaunsil shule za msingi, afya na barabara. Manispaa kubwa zilibakishiwa baadhi ya kazi hizo, ila Lamu ilikuwa kaunti kaunsil, ikapigwa na rungu zima. Hapo ndipo utaelewa kwa nini wazee wengine wanamsifu diwani wa 1965 kwa kujengesha madarasa, na diwani wa 1980 wanamkumbuka kwa kibanda cha soko. Wote huenda walikuwa na bidii sawa; mmoja alikuwa na kazi, mwingine aliachiwa ufagio. Weka mstari mzito kwenye daftari lako hapo 1970, na kila unachosoma kiulize kiko upande gani. Na kwa kuwa wewe ni wa Mkunumbi, fuata pia skimu ya makazi ya Ziwa Kenyatta, Mpeketoni, ya miaka ya 70. Watu walipoongezeka bara, kura nazo zilihama kutoka visiwani. Historia ya wadi za Lamu Magharibi haisomeki bila hiyo.

BintiMkunumbi: Allah akubariki. Na kabla ya 1963 nitafute kwa jina gani? Neno diwani halitokei.

Mwandishi: Tafuta "liwali", mtawala wa mji, na "mudiri", aliyekuwa chini yake. Ukanda wetu wa maili kumi ulihesabiwa kuwa wa Sultani wa Zanzibar hata chini ya Waingereza, mpaka makubaliano ya Oktoba 1963. Mambo mengi ya mji yalipitia kwa liwali, kwa hivyo malalamiko ya mtaa, mfereji, taa, machinjio, utayakuta kwenye barua zake. Bara, nje ya ukanda, mpangilio ulikuwa mwingine. Baadhi ya majalada hayo yalipigwa picha kwenye filamu ndogo, na Chuo Kikuu cha Syracuse, Marekani, kina nakala. Ukiwa na mwenzako huko, mtumie salamu.

Fundi_Saa: Swali la pembeni. Nikipiga picha karatasi za zamani kwa simu zinatoka na kivuli.

Mwandishi: Kaa karibu na dirisha, jua lisikupige moja kwa moja, na karatasi iwe chini, simu juu yake sambamba. Picha ya kwanza iwe ya jalada lenye nambari, ama utarudi nyumbani na picha mia usizojua zimetoka wapi. Nakwambia kwa uzoefu.

Kijana_Barani: Sasa si umpe yule dada, mimi nikanyimwa?

Mwandishi: Yeye alisoma kabla hajauliza.

Bi_Leso: Maalim, hizi leso za kampeni ni ushahidi? Marehemu mama aliacha kasha zima. Nyingine zina jogoo wa KANU, na moja ina jina la mgombea udiwani na wadi yake, limechapwa pindoni.

Mwandishi: Bibi, usiifue tena hiyo! Ni ushahidi mwema kuliko kumbukumbu yangu. Ikunjue, ipigwe picha nzima na pindo lake, na uandike alipewa nani na uchaguzi gani. Ukiirudisha kashani usiikunje kwenye mikunjo ile ile, hukatika hapo. Unyevu wa bahari ndio adui mwingine. Hata karafuu usiweke zikagusa kitambaa, huacha doa. Nitakuja kuiona, inshallah. Unakaa wapi?

Bi_Leso: Shella, karibu sana.

Mwandishi: Ipi?

Bi_Leso: Panda mashua, maalim.