Kunyanyua Land Cruiser kwa springi mpya

Barabara ya kupanda Amani kutoka Muheza wakati wa masika inataka gari lililoinuka. Inchi 2 zinatosha. Ukizidisha, propela, yaani shafti inayopeleka nguvu kwenye ekseli, italalamika.

Hapa Tanga chumvi ya bahari hushika bolti, kwa hiyo zinyunyizie mafuta ya kulegeza kutu tangu jana yake. Zuia magurudumu ya nyuma, nyanyua mbele, weka stendi chini ya fremu. Stendi, si matofali, nakusihi! Egemeza ekseli kwa jeki, fungua shokapu, shusha taratibu huku ukitazama paipu ya breki isivutike. Badilisha springi.

Bolti za bushi, zile mpira za kwenye maungio, usizikaze gari likiwa juu. Lishushe likae kwa uzito wake, ndipo ukaze, la sivyo mpira utabaki umejisokota na utapasuka mapema.

Kisha alaimenti (kunyoosha magurudumu), na taa za mbele ziinamishe.