Barua Taka Ikataliwe Mlangoni

Katika hoteli za Malindi zinazoendesha seva zake zenyewe za barua pepe, maombi ya vyumba kutoka Italia huingia kwa njia ileile inayoleta barua taka. Msimamizi anayekataa kwa pupa humkosesha mwenye hoteli wageni.

Barua isiyotakiwa ikataliwe wakati seva iliyoileta ingali imeunganishwa na yako. Ukishaipokea kisha ukaamua kuirudisha, taarifa itakwenda kwa anwani iliyoandikwa kuwa ya mtumaji, na katika barua taka anwani hiyo mara nyingi ni ya kughushi, hivyo asiyehusika atajaziwa kisanduku chake na seva yako huenda ikatiwa katika orodha za kuzuia. Kwa hiyo seva ya mbele, yaani ile inayopokea barua kutoka nje, iwe na orodha kamili ya wapokeaji halali, ili anwani isiyokuwepo ijibiwe 550, namba ya kukataa kabisa, papo hapo. Seva ya akiba, inayopokea barua ile kuu isipopatikana, nayo iwe na orodha hiyo. Wengi huisahau, na watumaji wa barua taka hupenda kupitia huko.

Zinaporudi barua ulizotuma wewe, soma namba iliyo kwenye taarifa ya kurudishwa kabla ya maneno. Inayoanza na 4 ni kikwazo cha muda: seva itajaribu tena yenyewe, na Postfix, programu ya seva ya barua, isiyobadilishwa mipangilio huendelea kujaribu kwa siku 5. Ndiyo maana umeme ukikatika mjini kwa saa chache, barua za wageni kwa kawaida hazipotei, bali husubiri kwenye foleni za waliozituma. Inayoanza na 5 ni ya kudumu. Kwa 5.1.1 anwani haipo, basi ifute. Kwa 5.7.1 umezuiwa kwa sera: kagua SPF (orodha ya seva zinazoruhusiwa kutuma kwa jina lako) na DKIM (sahihi ya kidijitali ya barua) za kikoa chako, kisha uhakikishe kwamba anwani ya IP ya seva yako ina jina la kinyume, yaani jina linalopatikana kwa kuulizia anwani hiyo, linalolingana nayo, jambo ambalo kwa kawaida hurekebishwa na kampuni inayokupa intaneti, si wewe. Tangu Februari 2024 Gmail imekaza masharti haya.

Usizuie barua zenye mtumaji mtupu, <>, maana taarifa halali za kurudishwa huja hivyo.

Mwisho, tazama foleni kwa amri ya postqueue -p. Ukikuta barua nyingi za MAILER-DAEMON, jina la mtumaji wa taarifa za kurudishwa, zikielekea anwani usizozijua, seva yako bado inapokea kwanza na kukataa baadaye. Tafuta kwenye logi (kumbukumbu za seva) ni mpokeaji gani anayeruhusiwa mlangoni ilhali hana kisanduku.