Jinsi ya Kuitembelea Dar es Salaam ya Zamani kwa Miguu Pamoja na Marafiki

Wakazi wengi wa Dar es Salaam hupita karibu na Boma la Kale kila wiki wakiwa ndani ya basi la mwendokasi na wasigeuze shingo. Ndiyo maana ninashauri siku ya matembezi ya marafiki itumike katikati ya mji, kwa miguu, badala ya kuimalizia kwenye foleni za kutoka ufukwe mmoja kwenda mwingine.

Chagueni Jumamosi, kwa kuwa Jumapili makanisa ya kihistoria huwa na ibada na si adabu kuyazunguka kama watalii. Watu wanne hadi sita wanatosha. Wakizidi hapo, kila njia panda inageuka kikao. Mmoja wenu awe mtunza fedha na akusanye michango kwa simu siku moja kabla. Kila mtu abebe kitambulisho cha Taifa, maana kiingilio cha Makumbusho kwa raia ni nafuu kuliko cha mgeni.

Kutaneni saa moja asubuhi kwenye kituo cha mwendokasi cha Kivukoni, na yule atakayepiga simu kusema yupo njiani asisubiriwe zaidi ya robo saa, kwani huenda bado anatafuta viatu. Anzeni na soko la samaki la Feri, hapo jirani, wakati mnada umechangamka. Simameni pembeni ili wachuuzi na mama lishe wapite, kisha mpate supu ya samaki na chapati kabla ya jua kukaza.

Kutoka hapo fuateni barabara ya ufukweni kuelekea magharibi, bahari ikiwa kushoto kwenu. Mtalikuta kanisa la Kilutheri la Azania Front, kisha kanisa Katoliki la Mtakatifu Yosefu, yote mawili yakiwa yamekamilika mwaka 1902. Msitumie muda mwingi hapo, kwa sababu kipande chenye utamu zaidi kiko mbele kidogo, kwenye Boma la Kale. Jengo hilo la mawe ya matumbawe lilijengwa miaka ya 1860 kwa amri ya Sultani Majid bin Said wa Zanzibar, aliyetaka kujenga mji mpya kando ya kijiji cha Mzizima, lakini akafariki mwaka 1870 kabla mji wenyewe haujasimama. Utazameni vizuri mlango wake wa kuchongwa, kisha mkumbuke kwamba Wajerumani walihamishia mjini hapa makao yao makuu kutoka Bagamoyo mwaka 1891.

Pandeni hadi Mtaa wa Samora na mgeuke kulia mpaka Sanamu ya Askari. Mahali hapo Wajerumani walikuwa wamesimamisha sanamu ya Hermann von Wissmann, aliyewahi kuwa gavana wao. Waingereza walipoutwaa mji mwaka 1916 wakaiondoa, na mwaka 1927 ikazinduliwa sanamu hii ya shaba, kuwakumbuka Waafrika waliotumika katika Vita Kuu ya Kwanza. Mwambieni mmoja wenu asimame nyuma ya askari na afuate uelekeo wa singe yake, naye ataona kwamba imeelekezwa bandarini. Kutoka bomani hadi hapa ni mwendo mfupi, nao umebeba tawala tatu.

Saa za jua kali ziwe za Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert, mkiendelea na Samora upande wa mashariki. Humo mtasoma habari za Zinjanthropus, ambaye fuvu lake lilipatikana Olduvai mwaka 1959, na mtaona magari ya zamani ya viongozi. Bustani ya mimea iliyo jirani inafaa kwa kupumzika.

Jioni wengi watadai Coco Beach kwa ajili ya mihogo na mishikaki. Mimi ningependekeza pantoni ya kwenda Kigamboni na kurudi, kwa kuwa ni karibu, nauli yake ni ndogo, na mji mliotembea unaonekana wote kutoka majini. Simu zibaki mifukoni, kwani kupiga picha kivukoni hakuruhusiwi, na vivyo hivyo mkipita Ikulu. Wanaorudi Kimara na Mbezi wawe kituoni kabla ya saa kumi na moja, maana baada ya hapo kupata kiti kwenye mwendokasi ni kazi.