Jinsi ya kusafirisha kontena la ufuta lililopigwa dawa

Wakala wako wa forodha akikwambia "hiyo fumigesheni ni kitu kidogo, bosi", yaani kupiga mzigo dawa ya gesi ya kuua wadudu, simamisha gari hapo hapo. Mimi niliambiwa hivyo nikanyamaza. Kontena langu likarudishwa kwenye geti la bandari, meli ikang'oa nanga, nikalipia gari mara mbili, hifadhi ya siku kadhaa, na juu yake matusi ya kistaarabu ya mnunuzi.

Anza na kibali cha kuingiza mzigo, kile anachopewa mnunuzi kwao. Humo imeandikwa dawa inayotakiwa, kipimo na muda. Nchi nyingine hukubali gesi ya fosfini, nyingine zinadai ya methili bromaidi, na ukikosea utapiga dawa upya.

Kontena tupu likija, ingia ndani mchana, mwenzako afunge milango. Ukiona mwanga unapenya, kataa, maana gesi nayo itapenya. Vijana wa yadi watalalamika, waache. Kama unatumia paleti za mbao, tazama mhuri wa ISPM 15, kanuni ya kimataifa ya kutibu mbao za kufungashia dhidi ya wadudu.

Mfukizaji, yule anayepiga dawa, awe amesajiliwa TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu Tanzania. Kidonge cha fosfini cha gramu 3 hutoa gramu 1 ya gesi, kwa hiyo hesabu vidonge wewe mwenyewe. Visirundikwe wala visiguse maji, vinaweza kuwaka moto.

Sasa pale nilipopatia hasara. Kontena likiwa bado na gesi, kwa kanuni za IMDG, zile za kimataifa za mizigo ya hatari baharini, lenyewe ni mzigo wa hatari: namba yake UN 3359, daraja la 9. Haijalishi kwamba ndani ni ufuta wa kula. Kampuni ya meli iambiwe tangu unapoomba nafasi, na hati za mzigo zitaje tarehe na saa ya kufukiza, jina la dawa, kiasi chake, na namna ya kutupa mabaki. Wakala wangu aliandika "ufuta", basi. Mlangoni imebandikwa stika ya fuvu ya kuonya kuna gesi, milimita 400 kwa 300, inaonekana toka ng'ambo ya barabara, halafu karatasi zinadai hakuna kitu. Karani hakuhitaji hata kuvaa miwani.

Tulipoziandika upya, tarehe ya kwenye stika ikapishana kwa siku moja na ya cheti cha afya ya mimea. Foleni tena. Weka cheti cha mfukizaji, cha afya ya mimea, hati ya mzigo na picha ya stika kwenye meza moja, usome tarehe kwa sauti kabla gari halijawashwa. Na usikimbize kontena melini: gesi inahitaji kusambaa kwanza, kwa kawaida saa 24.

Stika haibanduliwi mpaka kontena lipitishwe hewa na kupakuliwa. Mwambie mnunuzi afungue milango, apime gesi kwa kifaa, aondoe mabaki ya dawa, ndipo vibarua waingie. Fosfini hunuka kama kitunguu saumu, lakini harufu si kipimo. Mpigie simu na msimamizi wa ghala lake, maana barua pepe huishia ofisini.