Kabla Tumbo Halijapunguzwa, Jifunze Kunywa Upya

Wengi wanaosubiri upasuaji wa kupunguza uzito huwa wamejiandaa kula kidogo. Wameshanunua sahani ndogo, wameshaviaga vyakula walivyovipenda, na njaa wamejiapiza kuivumilia. Kinachowashtua wiki ya kwanza ni maji. Mtu aliyezoea kuinua glasi na kuimaliza kwa mafunda matatu anajikuta anahangaika na funda moja, na jioni inafika hajamaliza hata nusu chupa. Kwa hiyo katika mambo ya kuzingatia kabla, mimi naanza na kunywa. Kula kutafuata.

Lakini kwanza umbile lenyewe, maana asiyelielewa ataona masharti yote ni ukali wa bure. Tumbo la mtu mzima hutanuka likabeba lita moja au zaidi wakati wa mlo. Katika upasuaji wa slivu, daktari huondoa takribani asilimia 80 ya tumbo na kubakiza mrija mwembamba wenye umbo la ndizi. Katika baipasi, hutengenezwa kifuko kidogo juu kabisa ya tumbo, cha mililita 30 hivi, sawa na vijiko viwili vya mezani, kisha kikaunganishwa na utumbo mwembamba mbele kidogo, ili chakula kiruke sehemu kubwa ya tumbo na mwanzo wa utumbo. Baipasi si jambo la jana. Edward Mason na Chikashi Ito waliifanya Iowa, Marekani, mwaka 1966, baada ya kuonekana kwamba wagonjwa waliokatwa sehemu ya tumbo kwa ajili ya vidonda walikuwa wakipungua uzito na kubaki hivyo.

Slivu ina jambo jingine. Sehemu inayoondolewa ndiyo hutengeneza kwa wingi homoni ya ghrelini, ile inayouambia ubongo kwamba una njaa. Miezi ya mwanzo njaa inaweza kupotea kabisa. Watu hufurahi, na wana haki ya kufurahi, ila ina maana pia kwamba mwili hautakukumbusha tena. Utakula kwa saa na utakunywa kwa saa, kama mtu anayemeza dozi.

Sasa hesabu ya maji. Timu nyingi za upasuaji hutaka mgonjwa afike angalau lita moja na nusu kwa siku. Tuseme uko macho saa 15 na unakula mara tatu. Kila mlo unakula nusu saa, kisha unakaa nusu saa nyingine bila kunywa. Hapo saa tatu zimekwenda, zimebaki 12. Lita moja na nusu ukiigawa kwa saa 12 ni mililita 125 kila saa, bila kuruka hata moja. Ukisahau asubuhi nzima, huwezi kulipa deni mchana kwa kugugumia, kwa sababu hapo pa kugugumia hapapo tena. Chukua kile kikombe kidogo kinachokuja na dawa ya maji, kijaze, ukimalize taratibu ndani ya robo saa. Kisha kijaze tena. Jaribu hivyo siku moja nzima wiki chache kabla ya upasuaji, siku ya kazi na si ya mapumziko, uone ni wapi ratiba inavunjika. Kwa wengi huvunjika kwenye mikutano na barabarani.

Sharti la kutokunywa wakati wa kula ni jepesi kulitamka, lakini wengi hulivunja kabla ya sharti lolote lingine. Sababu zake ni mbili. Kifuko ni kidogo, kwa hiyo maji na chakula vikikutana humo, kimoja kitakikosesha kingine nafasi, na mara nyingi mwisho wake ni kutapika. Sababu ya pili huonekana baadaye: kinywaji hukisukuma chakula kitoke upesi, shibe inakatika mapema, nawe unarudi jikoni saa moja baadaye. Utaratibu wa kawaida ni kusubiri kama dakika 30 baada ya mlo ndipo unywe. Kama umezoea kusukumia kila tonge kwa maji au soda, anza kuacha sasa, tumbo likiwa bado linasamehe. Siku tatu za mwanzo koo litalalamika. Baada ya hapo utagundua kwamba ulikuwa unasukuma kwa sababu hukuwa unatafuna.

Vinywaji vyenye gesi viage mapema, kwa sababu gesi hutanuka ndani ya kifuko na maumivu yake si ya mzaha. Mirija ya kunyonyea timu nyingi huikataza mwanzoni kwa hoja kwamba humezesha hewa. Kahawa uliza: wengine huizuia wiki za mwanzo, wengine huruhusu kidogo. Anayekunywa vikombe vingi kwa siku apunguze polepole kabla, asije akaamka kutoka kwenye nusukaputi na maumivu ya kichwa yasiyohusiana kabisa na kisu.

Pombe nitakaa nayo kidogo, kwa sababu hutajwa kwa sentensi moja kisha watu wakaendelea na mengine. Baada ya baipasi pombe huingia kwenye damu haraka zaidi na kufikia kiwango cha juu zaidi kuliko zamani, na dalili kama hizo zimeonekana kwa waliofanyiwa slivu pia. Glasi iliyokuwa haikufanyi lolote inaweza kukulewesha kabisa, na kuendesha gari baada yake ni kujidanganya. Kuna hatari ya pili isiyoonekana upesi: tafiti zilizofuatilia wagonjwa wa baipasi zimeonyesha kwamba matatizo ya ulevi huongezeka hasa kuanzia mwaka wa pili, pale kila mtu anapodhani safari imeisha. Mtu aliyekuwa akijituliza kwa chakula, chakula kikikosa nafasi, hutafuta kitulizo kingine. Kama unakunywa, mwambie daktari kiasi cha kweli kabla ya tarehe kupangwa, usimpe kile unachodhani anataka kukisikia. Na sigara iachwe wiki kadhaa kabla, kisha isirudi, kwani huchelewesha kupona na huleta vidonda pale kifuko kilipoungana na utumbo.

Karibu wiki mbili kabla ya upasuaji, wengi hupewa mlo wenye nishati ndogo na wanga kidogo, mara nyingi kati ya kalori 800 na 1,000 kwa siku. Huo si mtihani wa uvumilivu. Ni kwa ajili ya ini. Upande wa kushoto wa ini hulala juu ya tumbo, na kwa mtu mwenye uzito mkubwa mara nyingi huwa limejaa mafuta na kuvimba. Mlo huo humaliza akiba ya sukari na maji iliyomo ndani yake, ini likasinyaa, daktari akapata njia ya kuliinua na kufanya kazi. Ini likikataa kuinuka, upasuaji huwa mgumu zaidi, na pengine huahirishwa. Hapo ndipo ninapougombeza ule mlo wa kuaga, usiku wa mwisho wa kula kila kitu. Nauelewa kabisa, lakini uule kabla wiki hizo mbili hazijaanza. Na kama unatumia insulini au vidonge vya kushusha sukari, usiguse mlo huu kabla dozi haijapangwa upya na daktari, maana ukila kidogo kwa dozi ileile sukari itashuka vibaya.

Baada ya upasuaji chakula hurudi kwa ngazi. Siku ya kwanza au mbili ni vimiminika vinavyopenyeza mwanga, kama maji na supu iliyochujwa. Kisha vimiminika vya kila aina, halafu vyakula vilivyosagwa laini, halafu vyakula laini, na kwa kawaida chakula cha kawaida kinarudi kati ya wiki ya sita na ya nane. Kila hospitali ina karatasi yake yenye tarehe zake. Fuata ya kwako, usifuate ya rafiki, hata kama yeye alikula yai siku tano kabla yako na hakudhurika. Mshono wa ndani hauonekani, na kutosikia maumivu si ushahidi kwamba umepona.

Jikoni, vitu vichache vinatosha: blenda, chujio, vijiko vya chai, na makopo madogo. Supu igandishe kwenye vile visahani vya kutengenezea barafu, utoe vipande viwili vitatu kwa mlo badala ya kupika sufuria utakayoimwaga. Usinunue ndoo nzima ya unga wa protini. Ladha hubadilika baada ya upasuaji, na unga ulioupenda mwezi uliopita unaweza kukutia kichefuchefu kwa harufu tu. Nunua paketi ndogo za aina tofauti.

Jambo ambalo karibu kila mtu hulisahau ni meno. Wiki ya sita utaambiwa utafune kila tonge mara 20 hadi 30 mpaka liwe kama uji, na kama una jino bovu upande mmoja na pengo upande wa pili, utatafunia nini? Nenda kwa daktari wa meno kabla. Kisha fanya mazoezi: tonge dogo, kijiko chini, tafuna, meza, subiri. Mlo uchukue dakika 20 hadi 30. Jifunze pia kuisikia shibe mpya, kwa sababu haitakaa pale ya zamani ilipokaa. Wengine hupata kwikwi, wengine mafua ya ghafla yanawatoka puani, wengine mgandamizo katikati ya kifua. Ukiona ishara yako, acha, hata kama kilichobaki ni kijiko kimoja. Kijiko hicho kimoja ndicho hurudisha vyote vilivyotangulia. Nyama kavu iliyopashwa moto tena, mkate laini unaojiviringisha kuwa donge, na wali, hivi vitatu ndivyo hulalamikiwa zaidi kwamba vinakwama.

Protini huliwa kwanza, mboga baadaye, wanga mwisho kama nafasi ipo. Lengo la kawaida ni gramu 60 hadi 80 za protini kwa siku. Yai moja lina kama gramu 6, kwa hiyo utaona kwa nini mwanzoni maziwa na unga wa protini huziba pengo. Maziwa yenyewe huweza kuanza kukusumbua tumbo hata kama hayakuwahi. Sukari nayo, hasa kwa waliofanyiwa baipasi, ikishuka kwa kishindo kwenye utumbo huleta jasho, moyo kwenda mbio, tumbo kukata na kuharisha ndani ya nusu saa hivi. Kuna namna ya pili inayokuja saa moja hadi tatu baada ya kula, ambapo sukari ya damu huporomoka, mtu akatetemeka na kuishiwa nguvu. Jizoeze kusoma lebo kabla, juisi zikiwemo.

Vitamini na madini ni vya maisha yote, na anayejua moyoni kwamba hawezi kumeza vidonge kila siku aliseme hilo kabla ya kusaini fomu. Vitamini B12, madini ya chuma, kalsiamu na vitamini D ndivyo hupungua zaidi. Kalsiamu na madini ya chuma vipishane angalau saa mbili, kwa sababu vikiingia pamoja kimoja humzuia mwenzake. Peleka pia kwa daktari orodha ya dawa zako zote. Vidonge vingine haviruhusiwi kusagwa, na dawa za maumivu kama ibuprofeni na diklofenaki huchimba vidonda kwenye kifuko, hasa cha baipasi. Wanawake waulize kuhusu uzazi wa mpango, kwa kuwa vidonge vyake huweza visifyonzwe vizuri baada ya baipasi, na mimba hushauriwa isubiri mwaka mmoja hadi mwaka na nusu.

Mwisho, andika namba ya simu ya timu yako uibandike jikoni kabla ya kwenda kulazwa, na umwonyeshe mtu unayeishi naye. Mkojo ukiwa wa rangi nzito, kinywa kikavu, kizunguzungu ukisimama, hayo ni maji yamepungua, piga. Kutapika siku baada ya siku ni dharura hata kama huna maumivu, kwa sababu vitamini B1 huisha haraka na ikiisha ubongo na neva huumia. Mwambie daktari kwa jina kwamba unahofia upungufu wa thiamini, yaani hiyo vitamini B1. Na siku za mwanzo, moyo kwenda mbio usiotulia, homa, maumivu ya tumbo yanayozidi au yanayopanda begani huenda ni mshono unavuja. Hapo usipige simu ukasubiri kliniki ya wiki ijayo, nenda hospitali saa hiyohiyo.