Eosinofili zimepanda? Usikimbilie kusema aleji

Karatasi ya damu ya mwanangu ilisoma eosinofili 1,900. Alikuwa na miaka saba, anajikuna miguu, tumbo halitulii. Tukaambiwa ni aleji ya chakula. Miezi mitatu nikamnyima dagaa, mayai na karanga, mtoto akazidi kukonda. Nafanya kazi maabara hapa Tanga, na hilo linaniuma mpaka leo.

Eosinofili ni aina moja ya seli nyeupe za damu, na anayeziita ni protini moja, intaleukini-5. Kinga ikishtuka huitoa, nayo huuchochea uboho wa mifupa uzalishe eosinofili kwa wingi. Ndiyo mbiu ya mgambo: ikilia kuna jambo, ila haikwambii jambo gani. Vumbi kwa mwenye pumu huipiga, na mnyoo kwa mtoto anayekwenda pekupeku huipiga vilevile.

Kwanza soma hesabu, usisome asilimia peke yake. Asilimia 8 ya seli nyeupe 4,000 ni 320, haina neno. Ya 12,000 ni 960. Ikipita 500 kwa mikrolita, tafuta sababu. Kama alipimwa akiwa na homa ya malaria, rudia akishapona, maana malaria huzishusha. Prednisolone, dawa ya steroidi ya kutuliza kinga, pia huzishusha.

Kisha tafuta minyoo, na hapa ndipo wengi tunapokosea, kwa sababu saa ya kipimo ni nusu ya kipimo. Choo kipelekwe kabla ya dawa ya minyoo, siku tatu tofauti; kopo moja lisilo na mayai halitoshi. Mkojo wa kichocho uchukuliwe kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, mtoto akiwa amerukaruka kwanza, na matone ya mwisho yasimwagwe. Matende huku pwani tunayajua: damu yake hutolewa kuanzia saa nne usiku, kwani mchana vijidudu hujificha mapafuni.

Daktari akitaka kuanza prednisolone, mwambie minyoo haijapimwa. Kuna mnyoo, strongiloidi, ambao dawa hiyo huufungulia mlango ukasambaa mwili mzima. Hata mepolizumab, sindano ya kuizuia intaleukini-5 iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2015 kwa pumu kali, hutaka minyoo itibiwe kwanza.

Kopo la tatu la mwanangu lilikuwa na mayai ya safura. Likizo nzima alicheza pekupeku kwa bibi yake Mwambani. Wiki sita baada ya dawa, eosinofili zilikuwa 700, na dagaa amerudi kwenye sahani yake.