Kufundisha Istilahi za Somo la Kiswahili katika Shule ya Msingi: Mwongozo kwa Mwalimu wa Tanga

Mtoto anayekulia Ngamiani, Makorora au Sahare hufika Darasa la Tatu akiwa na Kiswahili kingi mdomoni. Anajua kutega kitendawili na kukitegua, anajua kumkata mwenzake kauli kwa methali, na akitumwa dukani hurudi na maelezo kamili ya bei, ya foleni na ya nani aligombana na muuza duka. Hata hivyo, mtoto huyo huyo akiandikiwa ubaoni "Bainisha vivumishi katika sentensi zifuatazo", anaweza kukaa na kalamu mkononi mpaka kengele igongwe, kwa sababu katika agizo hilo fupi kuna maneno mawili asiyoyasikia nyumbani wala kiwanjani: "bainisha" na "vivumishi". Vivumishi anavyo tele katika mazungumzo yake. Asichokuwa nacho ni jina la kuviitia. Mwongozo huu unahusu namna ya kumpatia mwanafunzi majina hayo, na msimamo wake ni mmoja, kwamba istilahi itolewe baada ya mwanafunzi kukiona na kukitumia kinachotajwa, wala si kabla.

Kazi ya kwanza ya mwalimu ni kuchagua. Istilahi za somo la Kiswahili ni nyingi, na anayejaribu kuzimimina zote katika muhula mmoja huishia kupata wanafunzi wanaokariri fasili bila kujua zinahusu nini. Inasaidia kuzipanga katika makundi matatu: istilahi za sarufi, kama nomino, kitenzi, kivumishi, kielezi na kiunganishi, istilahi za fasihi na utunzi, kama ubeti, mshororo, mhusika, nahau, aya na muhtasari, na maneno ya kuamuru yanayotumika katika maswali, kama taja, eleza, bainisha, linganisha, tofautisha na kanusha. Kundi hili la tatu ndilo linalosahaulika zaidi, ingawa kwa maoni yangu ndilo linalowaangusha watoto wengi kuliko mengine mawili. Istilahi tatu au nne kwa wiki zinatosha, mradi zirudiwe wiki zinazofuata.

Baada ya kuchagua, mwalimu atafute sentensi ambayo watoto wanayo tayari. Kwa darasa la Tanga hakuna inayofaa kuliko ule msemo unaojulikana na kila mkazi wa mji huu: "Waja leo, waondoka leo." Auandike ubaoni bila kutaja istilahi yoyote, kisha aulize ni maneno gani yanayoonyesha kwamba mtu anafanya jambo. Watoto watajibu "waja" na "waondoka". Aulize ni neno gani linaloonyesha lini, nao watasema "leo". Aulize kama kuja na kuondoka ni mamoja, nao watacheka. Hapo ndipo mwalimu anapoandika kwa chaki ya rangi juu ya maneno hayo: kitenzi, kielezi, na pembeni kinyume. Istilahi tatu zimeingia darasani, na hakuna mtoto aliyeombwa kukariri chochote. Kwa Darasa la Sita au la Saba msemo huo huo unaweza kuzaa mjadala mzuri: kiambishi "wa" mwanzoni mwa "waja" kinamtaja nani? Wapo watakaosema kinamtaja wewe unayekuja, kama watu wa pwani wasemavyo "wajua" kwa maana ya "unajua", na wapo watakaosema kinawataja wao wanaokuja. Mwalimu asiharakishe kutoa hukumu, kwa kuwa katika ubishi huo watoto watakuwa wakizungumzia nafsi, umoja na wingi bila kusukumwa.

Fasili nayo ina mahali pake, lakini ichunguzwe. Wanafunzi wengi hufundishwa kwamba kitenzi ni neno linaloonyesha tendo, nao huimba fasili hiyo kwa pamoja. Wakipewa sentensi "Uvuvi umempa baba kazi", huandika kwamba "uvuvi" ni kitenzi, na kwa kweli wameifuata fasili yao neno kwa neno, kwa sababu uvuvi ni tendo. Dawa yake ni kuwapa njia ya kulipima neno. Kitenzi hukubali kubeba nafsi na wakati: ninavua, nilivua, nitavua. Mtoto akijaribu kusema "niliuvuvi" atasikia mwenyewe kwamba limekataa. Kipimo hiki kinawafaa watoto wadogo kuliko fasili, kwa kuwa kinatumia sikio ambalo tayari linakijua Kiswahili. Vitenzi kama "ni" na "si" havikubali kupimwa hivyo, lakini hivyo vinaweza kungoja madarasa ya juu.

Kivumishi nacho kina kipimo chake. Mwalimu abadilishe nomino kutoka umoja kwenda wingi, na neno linaloisifu au kuieleza nomino hiyo kwa kawaida litabadilika pamoja nayo: mtumbwi mkubwa, mitumbwi mikubwa, kikapu kizito, vikapu vizito. Watoto wa Tanga wanaozungumza Kisambaa, Kibondei, Kidigo au Kizigua nyumbani hawatashangazwa na jambo hili, kwa maana lugha hizo nazo zina upatanisho wa namna hiyo, na mwalimu anayewaruhusu watoe mfano mmoja kutoka nyumbani ataona wanavyolikamata somo la ngeli, yaani makundi ya nomino, upesi. Awatahadharishe tu kwamba maneno kama safi, hodari na ghali hayabadiliki, ingawa nayo ni vivumishi.

Mahali ambapo pana mtego mkubwa ni pale neno moja linapobadilisha aina yake kulingana na lilipowekwa. Tuchukue sentensi mbili: "Wavuvi wengine wamerudi" na "Wengine wamerudi." Katika sentensi ya kwanza, "wengine" ni kivumishi kwa sababu kinafuatana na nomino "wavuvi", katika ya pili, neno hilo hilo ni kiwakilishi kwa sababu nomino haipo na lenyewe limekaa mahali pake. Vivyo hivyo "mgeni huyu amefika" na "huyu amefika." Mwanafunzi aliyekariri orodha ya vivumishi atakosa hapa kila mara, ilhali mwanafunzi aliyezoea kuuliza "nomino iko wapi?" hatakosa. Njia nyepesi ya kulionyesha jambo hili ni kuwaita wanafunzi watatu mbele ya darasa, kila mmoja akiwa ameshika kipande cha boksi chenye neno moja: WAVUVI, WENGINE, WAMERUDI. Darasa lisome sentensi. Kisha mwalimu amwambie mwenye WAVUVI akae chini, na mwenye WENGINE asogee achukue nafasi yake. Darasa lisome tena, na mwalimu aulize nani sasa amesimama kwa niaba ya nani. Darasa lenye watoto wengi na vitabu vichache halihitaji zaidi ya maboksi matatu na kalamu ya wino mzito.

Umbo la istilahi zenyewe litumike pia. Istilahi nyingi za sarufi ya Kiswahili zimeundwa kutokana na vitenzi vinavyojulikana: kiunganishi kinaunganisha, kiwakilishi kinawakilisha, kielezi kinaeleza, kihisishi kinaonyesha hisia, kitenzi kinatokana na kutenda. Mwanafunzi akisahau maana anaweza kurudi kwenye kitenzi hicho akaikumbuka, na hii ni nafuu ambayo mtoto anayesoma sarufi kwa maneno ya kigeni hana. Nomino peke yake haina msaada wa namna hiyo, kwa hiyo ipewe mazoezi zaidi. Wazazi wengi walilisoma jambo hilo hilo kwa istilahi ya "jina", na si vibaya mwalimu akawataarifu katika kikao cha wazazi ili mtoto asichanganywe anapoomba msaada nyumbani.

Huko Marekani, ambako suala la kufundisha msamiati wa masomo limeandikiwa sana, mtafiti wa elimu Robert Marzano alipendekeza hatua sita: mwalimu aeleze neno kwa lugha nyepesi na mifano, mwanafunzi alieleze upya kwa maneno yake, alichore, afanye mazoezi yanayolirejea, alijadili na wenzake, kisha alichezee katika michezo. Hatua ya pili na ya tatu ndizo zinazorukwa mara nyingi katika madarasa yetu, na zinastahili muda. Mtoto aliyeandika "kielezi ni neno linalonijibu lini, wapi au vipi" amekielewa kielezi kuliko aliyenakili mistari minne kutoka ubaoni. Mchoro uliobuniwa na Dorothy Frayer na wenzake katika Chuo Kikuu cha Wisconsin mwaka 1969 nao unafaa, tena hauna gharama: ukurasa wa daftari hugawanywa sehemu nne, istilahi ikaandikwa katikati, na pembeni zikaandikwa maana, sifa, mifano, na vitu visivyo mfano. Sehemu hiyo ya mwisho ndiyo yenye faida kubwa, kwa kuwa ndipo "uvuvi" wetu unapoingia chini ya kitenzi kama kitu kinachofanana na kitenzi bila kuwa kitenzi.

Maneno ya kuamuru yafundishwe kwa kitu kimoja kinachoulizwa kwa namna mbalimbali. Mwalimu alete chungwa la Muheza na embe, aviweke mezani, kisha atoe maagizo moja baada ya jingine. "Taja matunda haya": jibu ni maneno mawili tu, na anayeongeza maelezo amepoteza muda. "Eleza chungwa lilivyo": hapa sentensi mbili au tatu zinatakiwa. "Tofautisha chungwa na embe": kila sentensi lazima igusie matunda yote mawili, na mwanafunzi anayeandika aya ya chungwa kisha aya ya embe, bila kusema hili liko hivi ilhali lile liko vile, hajajibu swali. "Linganisha" huleta utata, kwa kuwa watoto hudhani ni kutofautisha. Wafahamishwe kwamba katika kulinganisha yanayofanana nayo hutajwa. Baada ya hapo matunda yaliwe, lakini agizo liandikwe ukutani na lirudi katika masomo mengine, kwa maana mwalimu wa Sayansi naye hutumia maneno hayo hayo. Katika upimaji wa kitaifa wa Darasa la Nne, mtoto hatakuwa na mwalimu wa kumfafanulia agizo.

Istilahi za ushairi ndizo zinazofurahisha kuliko zote kufundisha katika mji huu wa pwani, ambako mtoto huzisikia kaswida na taarab kabla hajajua kusoma. Mwalimu atunge ubeti mfupi unaohusu jambo wanalolijua, kwa mfano:

Bahari imetulia, ngalawa zi ufukweni,
Wavuvi wanaingia, samaki wako kapuni,
Mama awasubiria, na ndoo yake kichwani,
Kengele yatulilia, twende sote darasani.

Kwanza uimbwe. Watoto wakishauzoea, waulizwe mistari ni mingapi, ndipo waambiwe kwamba kila mstari huitwa mshororo na mishororo hiyo minne kwa pamoja ni ubeti. Waulizwe ni sauti gani inayojirudia katikati na ipi mwishoni, ndipo waambiwe habari ya vina: kina cha kati hapa ni "a" na cha mwisho ni "ni". Mizani ihesabiwe kwa makofi, silabi moja kofi moja, mpaka wagundue wenyewe kwamba kila kipande kina mizani 8 na kila mshororo 16. Hapa makosa huwa mengi, nayo yana sababu. Neno "mtoto" lina makofi matatu kwa sababu "m" inasimama peke yake, lakini "mbuzi" lina makofi mawili kwa sababu "mb" imeshikana na irabu inayofuata. Watoto wapige makofi kwa maneno hayo mawili mara kadhaa kabla ya kurudi kwenye shairi. Ukwapi na utao, yaani kipande cha kwanza na cha pili cha mshororo, viachwe kwanza. Sioni faida ya kumpa mtoto wa Darasa la Tano istilahi hizo wakati bado anahangaika na mizani.

Walimu wa shule moja wakubaliane istilahi watakazotumia. Ikiwa wa Darasa la Nne anasema "mstari" na wa Darasa la Tano anasema "mshororo", mtoto hudhani ni vitu viwili. Pale wanapotofautiana, vitabu vya Taasisi ya Elimu Tanzania vifuatwe, na kwa mambo ya usanifu wa lugha lipo Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoanzishwa mwaka 1967 kwa kazi hiyo. Makubaliano hayo yanamfaa mtoto hata baadaye, kwa sababu atakapokutana na sarufi ya Kiingereza, aliyekwisha kuielewa dhana ya kitenzi atakuwa na kazi ya kujifunza jina jipya tu.

Kuhusu kupima, maswali ya "Nini maana ya nomino?" yapunguzwe, kwa kuwa hupima kumbukumbu ya fasili. Yanayofaa zaidi ni kama haya: "Tunga sentensi yenye vivumishi viwili kuhusu soko la samaki", "Neno huyu katika sentensi hii ni la aina gani, na umejuaje?", "Badilisha kielezi katika sentensi hii ili tukio liwe la jioni." Maneno "umejuaje" yasikosekane, kwani jibu lake humwonyesha mwalimu kama mtoto alibahatisha. Kadi za istilahi, kila moja ikiwa imeandikwa istilahi moja, zihifadhiwe katika boksi moja la darasa, na kila Ijumaa mwalimu achomoe tano bila kuchagua, zikiwemo za muhula uliopita. Kadi ambayo darasa limeijibu vizuri mara tatu kwa wiki tofauti iwekwe kando, na ile inayoendelea kuwashinda irudishwe kwenye somo la wiki inayofuata, kwa sentensi mpya.